Tufani Inamsubiri Mgeni Rasmi

Iko nchi moja, si yetu, Mungu apishe mbali, ambako hakuna jambo linaloanza mpaka mgeni rasmi afike. Jina lake halitatajwa hapa kwa sababu nchi yenyewe bado haijazinduliwa. Uhuru ilipata, bendera ikapandishwa, lakini mgeni rasmi wa siku ile alikwama njiani, na wanasheria mpaka leo wanabishana kama wananchi wake ni raia kamili au ni watu waliokaa kwenye viti wakisubiri shughuli ianze.

Huko kuna kisima kilichochimbwa, kikajengewa, kikafungwa utepe mwekundu. Utepe umepauka mpaka umekuwa mweupe, na akina mama hupita kando yake na ndoo kichwani kwenda kuteka mtoni. Kuna daraja zuri la zege ambalo watu hupita chini yake kwa mitumbwi, huku wakilisifu. Kuna zahanati ambayo wagonjwa wanaruhusiwa kuichungulia dirishani. Msomaji asidhani wenyeji ni wajinga. Ni watu wenye adabu zao, na adabu kubwa kuliko zote ni kwamba mkubwa hatanguliwi.

Basi kama visima na madaraja hufunguliwa, misimu nayo hufunguliwa. Masika hufunguliwa na Waziri wa Kilimo kwa kumwagilia mche mmoja. Kiangazi hufunguliwa kwa kuvua koti. Na Msimu wa Tufani, unaowatoa roho watu wa pwani kila mwaka, hufunguliwa na Waziri wa Maafa, Maandalizi na Mapokezi, kwa kupigilia msumari wa kwanza kwenye dirisha la mwananchi wa kawaida. Kabla ya msumari huo ni marufuku mtu yeyote kujiandaa. Kujiandaa mapema kunaitwa kisheria "kuitangulia Serikali," na hilo ni kosa linalokaa nyumba moja na uhaini.

Mwaka uliopita tufani ilikuja kabla ya msumari. Serikali haikuitambua. Taarifa iliyotolewa ilisema kwamba upepo usio na mwaliko ulipita maeneo ya pwani, na kwamba mapaa yaliyokosekana asubuhi yake yaliondoka kwa hiari yao. Miongoni mwa mapaa hayo lilikuwamo la Bi Saumu, mwoka mikate ya mofa wa mji mdogo wa Rasini. Boriti moja tu haikutaka kuondoka na wenzake. Ilimwangukia mama yake, Bi Tunu, kwenye nyonga, na tangu siku hiyo bibi yule hajasimama tena.

*

Kwa hiyo mwaka huu Bi Saumu alipiga moyo konde. Joto lilipoanza kuwa la kunata na bahari ikawa inanuka kama sufuria lililosahaulika, alikwenda kwa fundi akaleta mbao za kuzibia madirisha, akaleta kamba nene za katani za kulifungia paa, akajaza viroba mchanga wa kuzuia maji mlangoni. Mama yake alikuwa hawezi kubebwa kila mara akapandishwa kilimani kwenye shule, wanakokimbilia watu. Kumgeuza kitandani tu kulimtoa machozi. Ikiwa hawezi kukimbizwa, basi nyumba ndiyo itakayosimama imara, na nyumba itasimama kama mtu ataisimamisha. Huo ndio uliokuwa mpango wote wa Bi Saumu, na ndani yake hamkuwa na siasa hata punje.

Aliyemsaidia ni jirani yake Kidawa, mjane mwenye wanawe wakubwa na ulimi usiopumzika.

"Shoga, gonga polepole. Watasikia."

"Msumari haugongwi kwa kunong'ona, Kidawa. Shika ubao."

"Nimeshika. Lakini wakija mimi nilipita tu kuomba chumvi."

Redio ilikuwa imewashwa dirishani. Mtangazaji wa hali ya hewa alikuwa na sauti ya mtu anayetembea juu ya mayai. Alisema kuna kitu baharini, kitu cha duara, kinachozunguka na kusogea, ambacho kitapewa jina msimu utakapofunguliwa. Kwa sasa wananchi wanaombwa wasikitazame. Kisha ukapigwa muziki.

Hawajamaliza dirisha la mwisho, Bwana Mbwiga akabisha hodi.

Bwana Mbwiga alikuwa Afisa Itifaki wa Wilaya. Alikuwa mtu mpole, msafi, amefunga tai hata kwenye jua la kuchoma utosi, na hajapata kumtangulia mtu mlangoni tangu azaliwe. Inasemekana hata pacha wake alimpisha.

"Bi Saumu, nasikia nyundo," alisema.

"Unasikia sawa, Bwana Mbwiga. Karibu."

"Starehe. Ni nyundo ya nani?"

"Yangu."

"Na anayeigonga?"

"Ni mimi. Mwaka jana boriti ilimwangukia mama. Wewe mwenyewe ulikuja kutupa pole."

"Nilikuja kwa niaba," alimsahihisha kwa upole. "Pole ilikuwa ya Mkuu wa Wilaya."

Kidawa alikumbuka chumvi, akaondoka. Bi Saumu alibaki na nyundo mkononi, akijua kwamba watu wamefungwa kwa makosa madogo kuliko madirisha. Lakini Bwana Mbwiga hakutoa pingu. Aliizunguka nyumba taratibu, akaitazama barabara inayopita mbele, akachungulia ndani akamwona Bi Tunu kitandani, na uso wake ukachanua.

"Nyumba iko barabarani," alisema, kama mtu anayeota. "Ina madirisha makubwa. Ina mgonjwa. Bi Saumu, hongera! Nakuteua kuwa Kaya ya Mfano. Mheshimiwa Waziri atafungulia msimu hapa hapa, kwenye dirisha lako."

Bi Saumu alishusha pumzi. Kwa dakika ile, maskini, alifurahi.

"Basi kazi imekwisha," alisema. "Madirisha haya, paa lile, mchanga huo. Mleteni auone."

Bwana Mbwiga alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Auone? Mama, Mheshimiwa haji kuona kitu kilichokwisha. Anakuja kuanza. Kama msumari wa kwanza umepiga wewe, yeye atapiga wa ngapi?"

*

Kesho yake ilianza kazi ya kuiandaa nyumba ya Bi Saumu kwa kuiondolea maandalizi.

Walikuja vijana wa halmashauri na makoleo ya kung'olea misumari. Waling'oa mbao dirisha baada ya dirisha, wakazibeba kwa heshima, na kwa kuwa hafla haina jukwaa na mbao zipo, zikawa jukwaa, likatandikwa zulia jekundu lililopigiliwa kwa misumari ile ile ya Bi Saumu. Kamba zilifunguliwa paani zikaenda kushikilia maturubai ya waalikwa. Viroba vya mchanga viliwekwa pembeni mwa jukwaa ili maua yasianguke. Bi Saumu aliwafuata kila walipokwenda, akisema hii ni yangu, na hiyo ni yangu, nao wakamjibu kwa furaha kwamba wanajua, na kwamba mchango wake utatajwa.

"Utatajwa na nani?"

"Na mshereheshaji, mama. Kwa jina."

"Na tufani ikija kabla?"

Walicheka kweli kweli. Mmoja wao alijifuta machozi akasema Bi Saumu ana vituko.

Kamati ya Mapokezi ilihamia sebuleni kwake. Ilikaa asubuhi, ikakaa jioni, na ilichokuwa ikijadili ni mpangilio wa viti. Kila kikao kilifunguliwa kwa chai na kufungwa kwa mikate ya mofa, hata wateja wa Bi Saumu wakawa wanarudi mikono mitupu kwa sababu mkate wote unaliwa na Serikali. Alipouliza Mheshimiwa anakuja lini, aliambiwa karibuni. Alipouliza karibuni ni lini, aliambiwa asiwe na haraka, haraka ndiyo iliyomponza na yale madirisha.

Kisha yakaja mazoezi. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye kitambi na shahada, aliteuliwa kuwa upepo. Kazi yake ilikuwa kuizunguka nyumba mbio huku akipunga khanga na kusema "vuuu," mpaka atakapofika mtu wa kuigiza Waziri na kupiga msumari wa kuigiza, hapo aanguke chini ameshindwa. Mara ya kwanza alikimbia vizuri sana. Bwana Mbwiga alimsimamisha.

"Punguza, Mwalimu. Haipendezi upepo ukaonekana una kasi kuliko Serikali."

Na Bi Tunu hakuachwa. Kitanda chake kilisogezwa hadi dirishani, mahali ambapo wapiga picha wataweza kumwona, akapewa cheo cha Mhanga Mtarajiwa. Aliambiwa kwamba Mheshimiwa akishika nyundo, yeye atabasamu.

"Mimi sicheki ovyo," alisema Bi Tunu. "Nitacheka nikiona la kuchekesha."

Lakini alipoona mwanawe amenuna jikoni, alimwita.

"Mgeni hakunjiwi uso, Saumu. Hata kama ana tumbo la namna ile."

"Mama, wametung'olea madirisha!"

"Nimeona. Nimelala, sijafa. Lakini wako ndani ya nyumba yangu, na ndani ya nyumba yangu mtu anapewa chai."

Bi Saumu alirudi kumimina chai. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia. Wote walikuwa watu wazuri, wenye shikamoo na ahsante, na watu wazuri hao walikuwa wanamwachia mama yake dirisha wazi mbele ya bahari.

*

Siku ya hafla iliamka na mawingu yenye rangi ya chungu kilichoungua. Bahari ilikuwa imepanda mpaka kwenye mikoko na haikuonyesha nia ya kurudi. Redio ilisema kile kitu cha duara sasa kipo karibu sana, kinaheshimu taratibu, na kinaaminika kuwa kitasubiri.

Waalikwa walikaa mapema chini ya maturubai. Mkuu wa Wilaya alivaa suti nyeusi. Ngoma zikalia, watoto wakaimba shairi la kumkaribisha Mheshimiwa, wakaliimba tena, na walipoanza kuliimba tena upepo ukawa unawanyang'anya maneno kinywani.

"Mheshimiwa yuko njiani!" alitangaza mshereheshaji. "Na tuushukuru upepo huu mwanana uliojitokeza kwa wingi kutupoza!"

Watu wakapiga makofi. Turubai la waheshimiwa likachomoka upande mmoja.

Bi Saumu alimfuata Bwana Mbwiga nyuma ya jukwaa.

"Bwana Mbwiga, hii si ya kusubiri tena. Ama nirudishieni mbao zangu, ama nipeni gari nimpandishe mama kilimani."

"Magari yapo, mama. Lakini barabara ya kilimani imefungwa."

"Imefungwa kwa nini?"

"Kwa ajili ya msafara."

"Msafara uko wapi?"

"Ndiyo maana imefungwa," alisema Bwana Mbwiga, akishikilia tai yake iliyokuwa inataka kuruka. "Ili usipate msongamano utakapokuwepo."

Bi Saumu alimtazama mtu huyu aliyenyolewa vizuri, mwenye macho yasiyo na ubaya wowote, akatamani kumzaba kofi, kisha akatamani kukaa chini alie. Hakufanya lolote kati ya hayo kwa kuwa hakukuwa na nafasi.

Mara simu ya Bwana Mbwiga ikalia. Alisikiliza kwa muda mrefu, ameinama kidogo kwa heshima ya anayezungumza naye. Alipomaliza alikuwa amefarijika.

"Mheshimiwa amefika darajani," alisema.

"Sasa mbona hafiki hapa?"

"Daraja halijafunguliwa."

"Wewe si unasema ni Waziri? Si alifungue apite?"

"La hasha! Daraja lile ni la ngazi ya juu kuliko yeye. Mgeni rasmi wake ni mkubwa zaidi, na huyo yuko nje ya nchi kwa matibabu. Mheshimiwa anamsubiri pale pale, ndani ya gari. Tumuige uvumilivu wake."

Alipanda jukwaani akamnong'oneza Mkuu wa Wilaya, naye Mkuu wa Wilaya akasimama kuvuta muda kwa hotuba. Mvua ilianza kupiga kwa ubavu. Kofia za waalikwa zilikwenda zao. Mwalimu Mkuu, ambaye hakuna aliyemwambia vinginevyo, alitoka mbio na khanga yake akisema "vuuu," na upepo wa kweli ukamchukua ukamweka kwenye ua wa jirani.

"Ndugu wananchi," alisema Mkuu wa Wilaya, ameshikilia kipaza sauti kwa mikono miwili, "wapo wanaosema kwamba tufani imekaribia. Nataka kuwatoa wasiwasi. Tufani haijatambulishwa. Na kitu kisichotambulishwa hakiwezi kukaa meza kuu!"

Dirishani Bi Tunu alikuwa amejifunika shuka usoni, na shuka lilikuwa limelowa chapachapa. Hakuwa anatabasamu. Bi Saumu alimwona mama yake anatafuta kwa mkono kitu cha kushikilia, mkono ule unapapasa ukuta na kuteleza.

Aliingia jikoni akatoka na nyundo na koleo. Alipanda jukwaani mbele ya watu wote, akachuchumaa, akaanza kung'oa.

"Bi Saumu!" Bwana Mbwiga alipiga kelele kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Unabomoa jukwaa la Serikali!"

"Hizi ni mbao za dirisha langu."

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya amezisimamia!"

Ilikuwa kweli. Mkuu wa Wilaya alikuwa katikati ya sentensi, na mtu wa cheo chake hakatizi sentensi. Bi Saumu alimgusa kiatu.

"Samahani baba, inua mguu."

Mkuu wa Wilaya aliinua mguu bila kutazama chini. "Mafanikio yetu," alisema, "yanaonekana kwa macho." Bi Saumu akavuta ubao. "Inua na wa pili, baba." Akainua na wa pili. Aliendelea hivyo kurudi nyuma hatua kwa hatua, hotuba haijakatika, mpaka akawa amesimama kwenye tope akiwa na kipaza sauti kisicho na umeme, na bado hajafika kwenye shukrani.

Kidawa alikuwa wa kwanza kumfuata. Hakuomba chumvi. Alikata kamba za turubai akazibeba begani, akawaita wanawe kwa sauti ya kuamsha mtaa. Baada yake waalikwa wa viti vya nyuma walianza kutazamana, halafu wakaanza kukimbia, kila mtu kwake, kila mtu akikumbuka ghafla kwamba ana madirisha.

Waligonga mbao zile zikiwa na vipande vya zulia jekundu bado vimening'inia. Walirusha kamba juu ya paa wakazifunga kwenye nguzo za ndani, wakakiburuta kitanda cha Bi Tunu hadi pembe ya ndani kabisa, yeye akiuma shuka ili asipige kelele. Bi Saumu alijigonga kidole, akatukana tusi ambalo mama yake hakupata kumfundisha, akaendelea kugonga. Mlango ulipofungwa na viroba vilivyotolewa jukwaani kusukumwa nyuma yake, nyumba ilikuwa giza, na ndani walikuwa Bi Saumu, mama yake, na Kidawa na wanawe, wote wakihema. Paa lililia lakini likakaa.

Ndipo hodi ikapigwa.

*

Ilikuwa hodi ya taratibu, ya kistaarabu, katikati ya ule ukelele wa upepo.

"Nani?" aliuliza Bi Saumu.

"Ujumbe," ilijibu sauti ya Bwana Mbwiga.

Kidawa alishika kichwa. "Usifungue, shoga. Upepo ukiingia ndani hili paa tunaliaga."

"Saumu," Bi Tunu aliita kutoka pembeni, sauti imekauka kwa maumivu. "Kuna watu mlangoni?"

"Wapo, mama."

"Wananyeshewa?"

"Wananyeshewa."

"Fungua. Mlango wangu haujapata kumfungia mtu."

Bi Saumu alisukuma viroba kando, akafungua. Upepo uliingia kwa nguvu kama mwenye nyumba. Mabati yalipanda, yakashuka, yakapanda, na wana wa Kidawa wakarukia kamba wakaning'inia kwa uzito wao wote. Nje, katika mvua ya kupofua, ulisimama Ujumbe umejipanga mstari mmoja kwa kufuata vyeo: Mkuu wa Wilaya, Bwana Mbwiga, mshereheshaji, Mwalimu Mkuu na khanga yake, na nyuma yao wajumbe wa Kamati ya Mapokezi, wameshikana mikono wasije wakapeperuka.

"Ingieni!" alisema Bi Saumu. "Upesi!"

Hakuna aliyeinua mguu.

"Bi Saumu," Bwana Mbwiga alianza, maji yakimtoka kwenye kidevu, "utuwie radhi. Hii ndiyo Kaya ya Mfano. Kwa mujibu wa ratiba, wa kwanza kuingia ni mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi yuko ng'ambo ya mto!"

"Yuko njiani."

"Bwana Mbwiga, mnakufa!"

"Tunalijua hilo, mama, na tunalishughulikia."

Mkuu wa Wilaya alikuwa anatetemeka meno. "Mbwiga," alisema, "haiwezekani mimi nikaingia kwa kukaimu?"

"Inawezekana, Mheshimiwa. Kwa barua kutoka makao makuu."

"Na kama tutaingia kinyumenyume?" alipaza sauti Mwalimu Mkuu kutoka nyuma. "Si itahesabika kwamba tunatoka?"

Ujumbe ulilipokea wazo hilo kwa uzito. Mjumbe mmoja alisema ni zuri. Mwingine aliuliza watu watatokaje mahali ambapo bado hawajaingia. Wa tatu alipendekeza iundwe kamati ndogo, na mshereheshaji akasema kama ni kamati, basi iketi, na kama itaketi, viti vipangweje.

Bi Saumu alikuwa ameuzuia mlango kwa bega, miguu inateleza kwenye maji. Nyuma yake bati la pembeni lilipiga kelele likachomoka, na mvua ikamwagika ndani juu ya miguu ya mama yake. Bi Tunu alivuta tu pumzi, kwa nguvu, na Bi Saumu aliisikia pumzi ile kuliko kelele zote za nje.

"Nawaombeni," alisema. Alikuwa analia sasa na hakujali. "Bwana Mbwiga, wewe una mama. Baba, wewe una mama. Mama yangu yuko chini ya paa hili. Ingieni, nifunge mlango. Hatua moja tu."

Walimwonea huruma. Ilionekana usoni mwao, waziwazi. Mkuu wa Wilaya hata aliinua mguu, akautazama ukiwa hewani, akamtazama Bwana Mbwiga, akaurudisha chini.

"Tuvumiliane kidogo, mama," alisema Bwana Mbwiga. "Hatakawia."

Paa lilipanda tena, na safari hii liliposhuka halikukaa pale lilipokuwa. Wana wa Kidawa walipiga mayowe. Bi Saumu alijifuta macho kwa kiganja.

"Banda langu la kuokea mofa liko nyuma," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Ni la mawe, limeezekwa zege. Halina mlango na halimo kwenye ratiba. Nendeni huko mkaendelee."

Akafunga.

Alirudisha viroba, akauegemea mlango, akahisi upepo unausukuma kwa upande wa pili. Juu, mabati yaliyobaki yalilia kidogo, kisha yakabana kwenye kamba. Aliokota nyundo sakafuni, akachukua ubao wa mwisho akaukingamisha mlangoni.

"Saumu," aliita Bi Tunu gizani. "Wageni umewakaribisha?"

"Nimewakaribisha, mama."

"Mbona siwasikii ndani?"

"Wanamsubiri mgeni rasmi."

Kidawa alikuwa amemfunika Bi Tunu miguu kwa mkeka na kumshika mkono, na nje upepo uliizunguka nyumba, ukitafuta pa kuingilia.

"Basi gonga msumari, mwanangu," alisema Bi Tunu. "Gonga kwa nguvu. Sisi hatuna wa kumsubiri."